Ukurasa Usiochanwa

Hapo zamani, Wareno walipojiona wameimaliza dunia kwa kuizunguka, palikuwa na chuo cha mapadre wa Kikatoliki huko kwao. Maktaba yake ilijaa vitabu vya nchi za mbali, kila kimoja kimefungwa kwa mnyororo wake kisiibwe. Mlangoni palikuwa na onyo: atakayechana au kufuta ukurasa ulioshonwa kitabuni, awe nani awe nani, atatengwa na Kanisa.

Humo alipangusa vumbi Makame wa kisiwa cha Tumbatu, Unguja, mateka waliyembatiza jina la José. Akipangusa, anasoma. Siku moja akakuta kitabu cha barua za padre mmoja kuhusu kwao: Watumbatu hawana nyumba za mawe, hawajui kuandika, wala hawana haya. Hawana haya! Damu ikamchemka. Padre mwenyewe alipita tu baharini, hata chomboni hakushuka.

Akaandika ukurasa mzima kwa Kireno: msikiti wa mawe, visima, na mama yake aliyemfundisha kushika kalamu. Akampelekea Padre Anselmo, mtunza vitabu. Mzee akasoma mara mbili, akatafuta sindano na uzi, akaushona katikati ya zile barua.

Desturi ya chuo, wakati wa chakula mmoja husoma na wengine hutafuna kimya. Siku moja kikafunguliwa mnyororo kile kitabu cha barua, na zamu ikawa ya mwanafunzi Duarte. Alipofika kwenye ukurasa ule akaona mwandiko mgeni. Angeweza kuuruka, hakuuruka. Alisoma kwa sauti mpaka vijiko vikasimama.

Mkuu wa chuo akawaka. Kuchana hakuweza, onyo lilimbana hata yeye. Akaamuru jina la mkosaji, moja tu, liandikwe chini ya ukurasa ule liwe aibu ya milele, na mwenyewe asikanyage maktaba tena. Alidhani wale watatu, mwandishi, mshonaji na msomaji, watasukumiana lawama. Kumbe wakaligombea.

"Niandike mimi, Padre Mkuu," akasema Makame, ingawa hakuwa na mahali pengine pa kusoma habari za kwao. "Maneno ni yangu na nchi ni yangu. Wala usiandike José."

"Maneno yako, mwanangu, yangeishia jikoni kuwashia moto," akasema Anselmo. "Sindano yangu ndiyo iliyoyaokoa."

"Niwieni radhi, wakubwa," akasema Duarte, "lakini nani angeyajua? Yangelala mnyororoni hadi kiama. Mimi ndiye niliyeyatoa."

Mkuu kashika kalamu, wino unamkaukia. Nafasi ni ya jina moja. Haya, ninyi mliokaa hapa, msinitazame mimi: je, liandikwe la nani?