Ua wa Kifaru na Nyati Ufuoni

Hapo zamani za kale, enyi mliokaa mbele yangu, pwani haikuwa na mlango. Aliyetaka kuiona bahari alishuka tu, akaiona.

Wakaja Kifaru na Nyati kutoka bara. Bahari hawakuwahi kuiona hata siku moja, lakini walipofika tu wakachimbia miti, wakafunga makuti kutoka mwamba huu hadi mwamba ule, wakaweka mlango, wakaketi. Kila apitaye aache kikapu chake cha chakula! Na wale wana mapembe, nani abishe?

Asubuhi moja akashuka Bi Nguchiro na wanawe. Kitindamimba wake, Kidoti, alikuwa hajapata kuiona bahari, na tangu aahidiwe safari hiyo hakuwa na neno jingine mdomoni. Mama alikuwa amekaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi.

"Hodi, mabwana. Tumekuja kutembea, jioni tunarudi kwetu."

"Kikapu!" akanguruma Kifaru.

"Ni chakula cha watoto, bwana."

"Kikapu, nimesema!"

Akakinyakua. Nyam! nyam! nyam! Mahamri yakaisha. Nyati akalamba sufuria ya mbaazi, akajifuta mdomo, na mnajua alisemaje?

"Kikapu chenyewe kidogo. Kwa hiki mtachungulia tu kwenye tundu la ua."

Wachungulie! Bahari! Hata leo nikisimulia nafura kwa hasira. Kidoti alibandika jicho kwenye makuti, akaona buluu kidogo, akaangua kilio.

Hapo nje alikuwepo Bi Kaa, mwenyeji wa ufuo ule, na kapu tupu. Kazi yake ni kuokota chaza, na sasa amefungiwa.

"Hawana hata haya, dada!" akasema. "Nasi tunawatazama tu!"

"Leo mwisho. Hebu niambie, mbona maji yako mbali hivi?"

"Leo bamvua. Yanakupwa mbali kuliko siku zote, na yakirudi yanajaa karibu na hapa."

"Na wale wanajua?"

"Watajuaje, na hawaulizi mtu?"

Bi Nguchiro akafuta machozi ya mwanawe, akarudi mlangoni.

"Mabwana wakubwa, mbona mmejipunja? Mchanga wote ule mpaka penye maji mmeuacha nje! Watu watazunguka mwamba, wapite na vikapu vyao, nanyi mmekaa huku."

"Ati nini?" Kifaru akaruka. "Wapite na vikapu vyetu?"

"Tuhame sasa hivi!" akasema Nyati.

Wakaung'oa ua wote, wakaubeba hadi kule maji yalikoishia. Ngo! ngo! ngo! Wakachimbia upya, jua linawachoma, jasho linawatiririka. Walipomaliza wakajitupa chini ya kivuli cha makuti. Khrrr! Khrrr!

Maji yakaanza kurudi. Shwaa... shwaa... Yakalowesha kwato, yakafika tumboni. Kifaru akazinduka.

"Nani huyo anayeingia bila ruhusa? Simama! Kikapu!"

Bahari ikamjibu kwa wimbi la mdomoni. Gubu!

"Chumvi!" akalia. "Nyati, kamata ua!"

"Ua gani? Ule unakwenda!"

Miti ikaelea, makuti yakatawanyika. Mabwana wakatoka mbio, wanakohoa, mapembe yamevikwa mwani, wakapita mbele ya wote walionyang'anywa vikapu, waliokuwa wamekusanyika ufuoni. Watu walizomea! Hawakusimama mpaka bara.

Bi Kaa akawasha moto, akawachomea wageni chaza. Lakini Kidoti hakungoja kula. Alikwisha kuingia majini, chubwi!

"Mama, kumbe ni kubwa hivi!"

"Ni kubwa, mwanangu. Na walitaka uione kwa tundu!"

Basi shikeni hili: anayekizungushia ua kilicho cha wote, mwisho hubaki hana ua wala kitu.