Bwana Machano Anayejulikana na Wote

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wakipika na kufunga milango kwa komeo, ghala la mahindi la Mfalme Simba lilikosa mlinzi. Mlinzi wake, mume wa Bi Kindi, alikuwa amefariki.

Nyumba nayo, wanangu, ilikuwa ya mlinzi. Akiajiriwa mwingine, Bi Kindi na wanawe wahame.

Akaenda barazani na sahani ya maandazi, madume walikocheza bao na kunywa kahawa. Kazi zote za mfalme zilipitia hapo: mtu alimtaja mwenzake wa kahawa, basi. Majike walikutana kisimani, na Simba hakufika kisimani.

"Shemeji Fisi, nitaje kwa mfalme. Mahindi yale tuliyaanika pamoja na marehemu."

"Pole, shemeji," Fisi akasema, tak, tak, akipanda kete. "Ila sisi humtaja tunayemjua."

"Kwani hamnijui?"

"Tunayajua maandazi yako," Nyati akasema. Wakacheka.

Bi Kindi akachukua sahani yake. "Basi kazi ya ghala ataipata Bwana Machano. Unamjua, Bwana Nyati? Wakubwa wote wanamjua."

Nyati akakohoa. "Machano? Huyo tumekua pamoja."

"Juzi tu nimemfunga bao," Fisi akadakia.

Jioni wakatoka mbio, puru puru puru, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumtaja kwa mfalme. Hodari, mwaminifu, mahindi anayajua.

"Aje kesho," Simba akasema.

Neno likafika hadi kisimani, na asubuhi Bi Kindi akaingia, mkia umechanwa vizuri. "Machano ni mimi, mfalme."

"Niliambiwa ni bwana."

"Waliokwambia hawa hapa. Waulize kama hawanijui."

Simba akawageukia. "Mnamjua, au mlinidanganya?"

Jasho likawatiririka, tiriri.

"Ndiye," Nyati akasema, akizitazama kwato zake. "Tumekua pamoja."

"Na lile bao?" Bi Kindi akamuuliza Fisi.

"Nilimfunga," Fisi akanong'ona.

"Mara mbili," Bi Kindi akasema. "Bado linaniuma, shemeji."

Simba akampa ufunguo, na watoto hawakuhama. Mavuno yalipozidi, ghala likahitaji msaidizi. Bi Kindi akachukua ndoo, akaenda zake kisimani, kwa majike wenzake.

Hadithi inatua hapa, na funzo lake ni hili: wanaotajana wao kwa wao watamtaja hata asiyekuwapo, wamwache aliyesimama mbele yao.