Barua ya Tatu ya Mbarouk

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu nisipaze sauti, maana haya ni mambo ya nyumba za watu.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, Mbarouk alimcheka mkewe, Mize, mbele ya wageni. "Wali gani huu? Si bora ningelamba gundi!" Wageni kwa-kwa-kwa! Mize akainuka. Akafunga kifurushi chake, huyoo, kwao.

Mzee Faki, baba yake Mize, akatuma neno: "Mwezi ukiandama hujamridhisha mwanangu, lete talaka."

Mbarouk akaandika barua. Kwaru, kwaru, kwaru! Akausifu ukoo wake, akawasifu mbuzi wake wanane. Kimya. Akaandika ya pili, tamu kama halua: ua langu, tunda langu. Lo! Kijijini humo barua ya mkwe husomwa na baba mtu, barazani, kwa sauti. Wazee wakacheka wakashika mbavu. Mize, huko ndani, akajifunika kanga uso mzima.

Zikabaki siku nne. Mbarouk hali, halali. Akaenda kwa Bi Mwanakombo, aliyewaandikia watu barua tangu meno yake yako kamili.

"Bibi, niandikie."

"Kwani mke ni wangu? Kaa hapa. Andika, unisomee."

"Mimi, mtoto wa watu wakubwa..."

"Futa!"

"Mbuzi wangu wanane..."

"Futa! Mize aliwakimbia mbuzi?"

"Moyo wangu unaungua..."

"Futa! Ukoo wako, mbuzi wako, moyo wako. Mize mwenyewe yuko wapi humo, mjukuu wangu?"

Mbarouk akaikodolea macho karatasi yake.

"Ulimcheka wapi?"

"Mbele ya watu, bibi."

"Na barua inasomwa wapi?"

Mbarouk akaiweka kalamu chini. "Bibi, wazee watanicheka!"

"Watakucheka sana," akasema Bi Mwanakombo, akitafuna tambuu yake kwa raha. Akamvuta sikio, taratibu. "Andika."

Alhamisi, Mzee Faki akasoma barazani: "Mize, nilikucheka mbele ya wageni. Wali ulishikana kwa sababu nilikuita utoke jikoni unitafutie kofia, nayo ilikuwa kichwani mwangu. Nimekosa. Nitakuja Ijumaa. Nipe maji tu."

Baraza zima kwa-kwa-kwa! Safari hii anachekwa Mbarouk.

Sauti ikatoka ndani: "Baba, rudia hapo pa kofia."

Mzee Faki akarudia.

"Tena, baba."

Akarudia tena. Mara ya tatu kikasikika kicheko cha Mize mwenyewe, ki-ki-ki!

Ijumaa Mbarouk akaja. Akapewa maji. Akapewa na wali, umeshikana vilevile! Akaumaliza, akaramba vidole, akasema, "Alhamdulillahi." Jioni hiyo wakarudi kwao wawili.

Basi wajukuu, ukitaka neno lako limwingie mtu, anza na lile linalomuuma yeye, na kosa lako ulitaje mwenyewe. Bi Mwanakombo alishakwenda, Mungu amrehemu. Lakini kijijini humo mtu akikwama na barua, bado hujiuliza bibi angefuta wapi.

Hadithi yangu inakomea hapo. Utamu wake gawaneni. Umbea nibakishieni mimi.