Pumzi ya Mahameli

Hapo zamani, katika mji wa milimani ambako ukungu hushuka hadi vizingitini na watu husalimiana kabla ya kuonana, aliishi kijana mmoja jina lake Shekue. Shekue alipenda kiumbe ambacho wengine hukikimbia: alipenda buibui. Siku moja akiwa shambani alimtoa shimoni buibui mkubwa wa manyoya, wale wanaoitwa tarantula, akampelekea mkewe, Mboni.

"Mtazame mgongo wake," alimwambia. "Ni mahameli tupu."

Basi jina likawa Mahameli. Wakamtengenezea sanduku la kioo lenye kifuniko cha wavu, wakaliweka chumbani, chini ya dirisha. Mahameli alikula panzi, akajivua ngozi, akakua. Akala tena, akajivua tena, akakua tena.

Kisha Shekue akafa. Homa ilimchukua upesi, shati lake bado limetundikwa mlangoni.

Waliobaki nyumbani kila mmoja aliomboleza kwa namna yake. Mboni alifunga dirisha la chumba, akaziba nyufa kwa vitambaa, ili harufu ya mumewe isitoke. Bi Nzota, mama yake Shekue, kila jioni alichoma udi mle chumbani. Moshi ukishajaa alilala, na mwanawe alimjia ndotoni, kavaa nguo nyeupe, anatembea juu ya ukungu kama mtu anayetembea majanini. Na Hoza, mdogo wake Shekue, fundi wa viti, hakuweza tena kuingia karakana aliyofanyia kazi na kaka yake. Alihamishia viti sebuleni, akavipaka vanishi hapo hapo, mlango wa chumba ukiwa wazi, apate kusikia watu wengine wakipumua.

Nyumba ikawa na joto, na mwanga wa manjano uliofifia, na harufu nzito, tamu. Watu walisinzia mchana kutwa. Waliamka na vichwa vizito, wakadhani ni huzuni.

Mahameli akaacha kula. Panzi walimpanda mgongoni naye hakushtuka. Manyoya ya tumbo yalipukutika, akabaki na upara. Wakati wa kujivua ngozi ulifika, ukapita, ngozi ikamng'ang'ania. Mwishowe miguu ikaanza kujikunja chini ya kifua, kama vidole vya mkono unaofumbwa.

"Mama," Mboni alilia, "hata huyu anatuacha."

Wakamwita Kupaza, dada yake Shekue, aliyeolewa bondeni. Utotoni, yeye na kaka yake walikuwa wakizunguka wakichungulia mashimo ya buibui. Kupaza alipovuka tu kizingiti, alikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Wifi, humu ndani mnapumua nini?"

"Tumeshazoea."

"Nyinyi mnatoka, mnakwenda kisimani, mnakwenda sokoni. Yeye hatoki. Huyu anapumua kwa vitundu vilivyo chini ya tumbo. Kila shimo tulilochungulia na kaka lilikuwa na mdomo wazi, na hewa yake baridi, yenye unyevu. Fungua dirisha."

"Dirisha hapana, wifi. Ukilifungua ataondoka."

"Nani?"

Mboni alilitazama lile shati mlangoni. Kupaza akachukua nyundo ya Hoza, akaligonga lile dirisha lililokwama mpaka likafunguka. Ukungu ukaingia taratibu, ukazunguka chumba kizima, ukaligusa lile shati.

"Umemtoa mume wangu nyumbani!" Mboni alipiga kelele. "Toka na wewe!"

Kupaza akatoka, akapanga kwa jirani. Lakini hakuondoka mjini. Kila asubuhi alisimama nje ya dirisha lile lile, akaingiza mkono, akaweka bakuli la maji na udongo mbichi sandukuni. Mboni alimwona, wala hakumfukuza. Wala hakulifunga dirisha.

Bado Mahameli hakula. Kupaza akasema kutoka nje, "Ile vanishi, Hoza."

Hoza aliendelea kupaka siku nzima. Kisha akabeba viti vyake kimoja kimoja, akarudi karakanani. Siku ile, kwa mazoea, alichanganya rangi ya kuwatosha mafundi wawili, akakaa chini akalia. Na siku ile ile Mahameli alinyoosha mguu mmoja.

Ukabaki udi. Hakuna aliyethubutu kumwambia Bi Nzota. Alijiambia mwenyewe. Akamwaga makaa nje, akafunika chetezo. Asubuhi wakamuuliza, "Umeamkaje, mama?"

"Nimelala usingizi mtupu," akasema. "Hakuja."

Hakuja siku ya pili, hakuja tena.

Alasiri moja wakamkuta Mahameli amelala chali, miguu juu. Bi Nzota akaenda kutafuta kitambaa cha kumfunika. Hoza akainua kifuniko, amtoe.

"Usimguse!" Kupaza aliita dirishani. "Hajafa. Anajivua!"

Mboni akamfungulia mlango. Wakakaa wote kulizunguka sanduku, hewa ikipita juu ya vichwa vyao. Ngozi ikapasuka. Mguu mweupe ukachomoka, kisha mwingine, polepole, kama mtu anayevua nguo zilizolowa. Jua lilipokuwa linazama, ngozi tupu ililala upande mmoja, na upande mwingine alikaa Mahameli mpya, mkubwa kuliko alivyopata kuwa. Mboni akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Eda ilipokwisha, kaka zake Mboni walikuja kumchukua. Kwao ni uwandani, kwenye jua kali na vumbi, mahali ambapo Mahameli asingedumu. Mboni akalishika sanduku, akasema, "Shekue hakuniachia kingine chenye uhai. Nitampa yule aliyemrudishia pumzi."

Kupaza akasema, "Basi nipe mimi, wifi. Nyote mlikuwa mmelala ndani ya ule moshi. Mimi ndiye niliyejua, nikafungua, nikafukuzwa, na bado nikaleta maji. Nisingesema neno siku ile, mngemzika mzima."

Hoza akasema, "Shemeji, dirisha lilikuwa wazi naye akazidi kunyauka. Alinyoosha mguu siku niliyotoa vanishi. Nilirudi kwenye ile karakana peke yangu, na hadi leo nafanya kazi humo peke yangu. Angalau nipate wa kunisindikiza."

Bi Nzota akasema wa mwisho. "Alijivua baada ya mimi kuzima udi. Hawa walitoa jasho na machozi. Mimi nilikuwa na mwanangu kila usiku, nikamwacha aende, ili buibui wake apumue."

Mboni aliwatazama mmoja mmoja. Nje, kaka zake walikwisha kufunga mizigo.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Sanduku limo mikononi mwenu sasa, na safari inangoja. Je, nani alistahili kupewa Mahameli?