Pimbi Aliyeomba Kuaga Anga

Mpo?

— Tupo!

Na masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo, yamekaa mkao wa kula!

Basi yalisheni taratibu, maana hiki kinatoka jikoni sasa hivi.

Hapo kale palikuwa na Fisi. Mkubwa, mwenye nguvu, na tumbo lisilojua neno "basi". Tangu azaliwe alitazama chini tu. Mfupa uko chini. Mzoga uko chini. Juu kuna nini? Juu hakuna nyama.

Na palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo kama paka, aliyeishi kwenye ufa wa jabali pamoja na wanawe wawili wanyonyao. Kila mvua ya alasiri ilipokatika, Pimbi alipanda juu ya jabali kutazama anga. Siku moja akatazama mno. Pu! Unyayo wa Fisi ukamkandamiza mgongo.

"Habari za jioni, mpwa wangu," akasema Fisi. "Leo wewe ndiye chakula."

Pimbi akawasikia wanawe ufani, nyii, nyii.

"Mjomba, mimi ni wako. Lakini bibi yako alikufundisha adabu, sivyo?"

"Alinifundisha. Kwa bakora."

"Mgeni huondoka bila kuaga?"

"Hata! Ni aibu ya ukoo mzima."

"Basi niache nimuage mwenyeji wangu." Akaonyesha juu kwa pua.

Fisi akajikuna kichwa. Adabu ni adabu. "Aga. Upesi!"

Anga lilikuwa la dhahabu. Pimbi akasema polepole, "Kwaheri, Bi Dhahabu. Ahsante kwa joto ulilonipa mgongoni. Nilipokukosea, nisamehe."

"Tayari?"

"Tayari... Ala! Mjomba, Bi Dhahabu ameingia ndani, ametoka Bi Waridi. Huyu sijamuaga."

"Aga. Upesi!"

"Kwaheri, Bi Waridi. Wanangu walizaliwa dada yako akiwa mlangoni."

"Tayari?"

"Tayari... Ala! Ametoka Bi Zambarau."

Tumbo la Fisi likalia, nguruu, nguruu. "Kwani hawa wenyeji wako ni wangapi?"

"Sijui, mjomba. Miaka sita niko hapa, hajatoka yuleyule mara mbili. Na wewe umesimama uani kwao, hata shikamoo hujatoa! Bibi yako angesemaje?"

Fisi akashikwa na haya. Akainua shingo. Shingo ilikuwa ngumu, haijawahi kwenda huko, ikalia, kwaa! Akatazama juu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Ukingo wa wingu ulikuwa unawaka, na moto wenyewe unahama. Mvua ya mbali ilining'inia kama pazia ambalo mtu anataka kulifunga. Fisi akafungua kinywa atoe salamu, salamu haikutoka. Akaona rangi asiyoijua, ikapotea kabla hajaitazama vya kutosha. Ikaja nyingine. Nayo ikapotea. Jicho likamlowa. Unyayo ukalegea, kidole kimoja, kidole kingine...

Churupu! Pimbi ndani ya ufa.

Fisi hakuchimba. Hakutukana. Alisema kwa sauti ndogo, "Mpwa wangu, umeondoka bila kuniaga?"

"Kwaheri, mjomba," Pimbi akajibu kutoka gizani, wanawe wamemganda kifuani. Huko ndani hakuona kitu. "Sasa ametoka nani?"

Fisi akatazama kwa muda mrefu.

"Simjui jina," akasema. "Lakini anaondoka."

Hadithi yangu nayo imeingia ufani, anayeitaka aichimbue.

— Tutaichimbua!

Na funzo lake, wanangu, lishikeni: tazameni chini. Anga halijazi tumbo. Fisi alilala njaa siku ile, na kesho yake akaruka mfupa mzima njiani ili awahi jabalini. Mjinga yule!

Haya, tokeni nje mbio. Mvua imekatika.