Chetezo Hakifichi Udi

“Chetezo hakifichi udi.” Mmeisikia leo barazani, vijana, mkauliza imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Kule Mkwajuni palikuwa na mgane mmoja, Gaspari, mtunza vyombo vya kanisa. Yeye na Rozalia wa kwaya walikuwa wamekubaliana kuoana. Rozalia alimpa sharti moja: habari isivuje kabla kaka yake Anselmi hajaambiwa kwa heshima. Ikivuja, ndoa hakuna. Anselmi alikuwa mtu wa taratibu, na akipuuzwa hususa.

Gaspari alinunua udi wa biharusi, ule unaopikwa kwa sukari na marashi. Nyumbani binti zake wangeunusa, kwa hiyo akauficha sakristia ndani ya kopo la maziwa. Ubani wa kanisa nao ulikaa katika kopo jingine la maziwa, lililofanana na hilo.

Jumapili ya Pasaka alitia makaa chetezoni, akachota, akampa padri. Padri alikuwa mtu wa bara, na kwake moshi ni moshi. Akaifukiza altare kwa bidii, kisha akawafukizia waumini. Gaspari alipotambua harufu ile, minyororo ilikuwa imekwisha kulia, na padri hanyang’anywi chetezo.

Wanawake wakaanza kutazamana. Bibi Felista, aliyekuwa akisinzia benchi la mbele, alizinduka, akanusa, akapiga kigelegele kirefu kama yuko mlangoni mwa chumba cha biharusi. Kwaya ikapotea sauti. Rozalia aliinamisha kichwa, Gaspari akatokwa na jasho, na Anselmi akawaona wote wawili.

Misa ilipokwisha, Anselmi alimngoja nje.

“Kwetu posa huletwa na mshenga, Gaspari. Haiji kwa moshi.”

Gaspari alimtazama Rozalia, akamwona amekunja mikono. Ndoa yake ilikuwa imening’inia kwenye jibu atakalotoa.

“Mshenga wangu ndiye huyo moshi, bwana,” akasema polepole. “Ana haraka. Amefika kabla sijamtuma.”

Rozalia alishindwa kujizuia, akaficha kicheko kwenye upindo wa kanga. Anselmi akamwangalia dada yake, na uso ukamlegea.

“Basi njoo alasiri unieleze kwa maneno. Na huo udi uliobaki, mpe mwenyewe.”

Tangu hapo, mtu wa Mkwajuni akiwa na furaha moyoni naye akajitia hana jambo, wenzake hawamhoji wala hawambishii. Humwambia tu: chetezo hakifichi udi.