Shabiki wa Mwisho wa Bwana Kiboko

"Nipeni masikio!"

"Tukikupa, tutasikia na nini?"

"Nayaazima tu, nitayarudisha!"

"Usiyarudishe yamejaa uongo!"

"Uongo utakuwemo!"

"Basi utie na chumvi!"

Haya, nimeyapokea, asanteni. Kaeni vizuri. Na wewe Mzee Shomvi, uliyeanza kusinzia kabla sijafungua mdomo, jikaze angalau nifike katikati.

Mnajua nimetembea. Nimetembea mpaka viatu vikaniomba talaka. Huko Marekani mwenyeji wangu, mtu mwema sana, alinipeleka kutazama mpira wao, ule wa kubeba mikononi, ambao mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai. Wachezaji wamevaa kofia ngumu, mabega yamejazwa utadhani kila mmoja amehama na godoro lake. Wanakimbia kidogo, puu! wanaangukiana, filimbi inalia, wanasimama wanazungumza. Wanazungumza sana. Kisha yanakuja matangazo. Nikauliza, "Kwani wameanza?" Mwenyeji wangu akasema, "Wanakaribia kumaliza." Akashusha pumzi, akaniambia mchezo siku hizi si kama zamani, vijana wake nyumbani hawautaki, na yeye mwenyewe umemchosha. Nikamwuliza, "Na Jumapili ijayo?" Akasema, "Nitakuja."

Mimi pale uwanjani nilielewa soseji tu. Lakini njiani nikamkumbuka Bwana Kiboko.

Basi, katika Bonde la Mabwe, wanyama walikuwa na mchezo wao wa Jumapili. Timu ya Nyati upande huu, timu ya Ngiri upande ule, katikati papai bichi. Atakayelibeba papai akimbie nalo, na wa upande wa pili wamwangushe. Akivuka mstari wa majivu, bonde zima linapiga kelele: Uuuu-waaa! Tembo alikuja. Twiga alikuja. Kobe naye alikuja, ingawa yeye safari aliianza Ijumaa. Walikaa juu ya mabwe, yale mawe makubwa kando ya uwanja, na ndani ya nyufa za mabwe hayo aliishi Mama Pimbi na wanawe.

Mama Pimbi alikuwa mdogo; ungeweza kumfunika kwa kofia, ukaondoka ukamsahau. Lakini sauti! Akiwaita wanawe waje kula, Twiga aliye ng'ambo ya mto anaitika, "Abee?" Kwa mchezo wenyewe hakuwa na habari. Alisema, "Papai ni la kula. Mtu anayelikimbiza papai bila kulila ana matatizo nyumbani."

Sasa, kando ya uwanja palikuwa na dimbwi, na ndani ya dimbwi Bwana Kiboko. Siku moja Kiboko akatoa kichwa majini.

"Uwanja uko kando ya maji yangu," alisema, "basi uwanja ni wangu. Na kama uwanja ni wangu, papai ni langu."

Hakuna aliyebisha, maana aliyasema hayo amefungua mdomo wote, na kila mtu aliyaona meno.

Tangu hapo kila shabiki akaja na tita la nyasi. Kiboko akala: kram, kram, kram. Nyati na Ngiri nao wakapewa masalio, wakaitwa wachezaji wa Bwana Kiboko. Ikawa hivi: Nyati anakimbia, puu! anaanguka. Mbuni, ambaye ndiye refa, anapuliza filimbi: priii! Mchezo unasimama. Yangeyange, ndege mweupe wa Kiboko, anatua mgongoni kwa bwana wake na kutangaza:

"Mchezo huu mnaletewa na Bwana Kiboko, mwenye mdomo mpana kupita wote!"

Kiboko anakula, kram, kram, kram. Mchezo unaendelea. Ngiri anakimbia, puu! Priii! "Mchezo huu mnaletewa na Bwana Kiboko!" Kram, kram, kram.

Na Kiboko mwenyewe alikuwa hatazami. Alizama majini, akaacha nje pua na masikio, akafumba macho. Alisikiliza tu. Uuuu-waaa ikiwa nene, alijua anapendwa, akalala. Tangu aumiliki mchezo ule hakuwahi kumtazama shabiki hata mmoja usoni.

Jumapili zikapita. Kule juu ya mabwe maneno yakaanza.

"Si kama zamani," alisema Tembo.

"Hebu niambie," alisema Twiga, "yule aliyelibeba papai nilipoanza kunywa maji, bado ameanguka?"

"Bado," alisema Kobe. "Na mimi ndiye ninayeambiwa mzito."

"Nyie mna roho mbaya," alisema Punda Milia, aliyekuwa shabiki kweli, wa kukaa mbele na kutoa machozi. "Mchezo ni mzuri. Unataka subira tu."

"Subira nimeiacha nyumbani inalea watoto," alisema Tembo.

Kisha alipita Mzee Ngiri. Huyu enzi zake aliliwahi kila papai, na kila pigo alilipokea kwa kichwa. Sasa alisimama mbele ya kichuguu, akainamisha kichwa kwa heshima. "Shikamoo, mjomba," alikiambia kichuguu. Akasubiri aitikiwe. Mama Pimbi akashuka taratibu, akamshika mkono, akamwonyesha njia ya kwake. Punda Milia akatazama kando. Siku ile hata alipovuka mtu mstari, kelele ilitoka nyembamba: uu-wa.

Kiboko akafumbua jicho.

"Mbona wamepungua?"

"Hawajapungua, Bwana," alisema Yangeyange upesi. "Wamekaa vibaya."

Jibu hilo Kiboko alilipenda. Akatoka majini, maji yakimchuruzika, akatangaza: "Wenzangu, nimeijua shida. Mchezo haujazeeka, uwanja ndio mbovu. Nataka dimbwi jipya, pana, lenye kivuli. Nalitaka pale." Akaelekeza pua kwenye mabwe. "Yasukumeni yale mawe. Nawapa mpaka Jumapili. Mkikataa, nachukua papai langu, nahamia bonde la pili. Huko wananililia usiku na mchana."

Jamani! Wale wale waliokuwa wakisema mchezo umewachosha wakashika vichwa.

"Akiondoka tutafanya nini Jumapili?" alilia Tembo.

"Lakini si ulisema umechoka?" aliuliza Mama Pimbi.

"Nimechoka nao ukiwepo! Usipokuwepo nitachoka na nini?"

Tembo akaenda kulijaribu bwe la kwanza kwa bega. Gudu! Ndani ya ufa wana wa Pimbi wakalia. Vumbi likawamwagikia.

"Baba Tembo," alisema Mama Pimbi, "hapo ndipo nilipozalia. Unatuhamishia wapi?"

Tembo akainamisha macho. "Dada yangu, nyumba utapata nyingine. Mchezo ni mmoja." Lakini bega akaliondoa. "Haya, Jumapili. Mpaka Jumapili sisukumi."

Mama Pimbi hakulala kwa raha. Alfajiri akafunga safari peke yake kwenda bonde la pili, awaone hao wanaolilia kuletewa papai. Alikuta bonde jembamba, kuta za mawe huku na huku, na chini kidimbwi cha matope. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na panzi.

"Wako wapi?" aliuliza kwa sauti yake ile.

Mawe yakamjibu: wapi! wapi! wapi! wapi!

Mama Pimbi akasimama. Akakuna sikio. Akavuta pumzi, akaachia: "Uuuu-waaa!"

Uuuu-waaa! likasema jabali la kulia. Uuuu-waaa! likasema la kushoto. Na yale ya nyuma, na yale ya juu, kama bonde limejaa watu mpaka wengine wamekosa pa kukaa. Kule nyumbani, ndani ya dimbwi, masikio mawili yakasimama wima.

Mchana Mama Pimbi akafika kwa Kiboko anahema, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba, wewe kisoksi. Mawe yamesukumwa?"

"Bado, Bwana. Nimetoka bonde la pili. Umewasikia?"

Kiboko akatingisha masikio. "Nimesikia kitu. Ni nini kile?"

"Ni wewe, Bwana. Wanakusubiri. Ni watu wa haya kidogo, wanakaa juu kwenye kivuli cha mawe, hawapendi kutazamwa. Lakini kupiga kelele! Nimewaambia Bwana Kiboko hawezi kuja, ametupenda sisi, anangoja dimbwi. Wakalia."

"Wakalia?"

"Wakalia, Bwana. Mmoja alizimia."

Kiboko akameza mate. "Nyasi je?"

"Nyasi sikuuliza, Bwana. Nilidhani mchezo kwako si tumbo."

"Si tumbo hata kidogo!" alisema Kiboko, na tumbo likanguruma. Hakungoja Jumapili. Akachukua papai, akachukua Nyati wake, akachukua Mbuni na filimbi, Yangeyange mgongoni, akaondoka bila kuaga. Timu ya Ngiri akaiacha. Alisema Nyati wakigawanyika upande huu na upande ule, inatosha.

Jumapili ikafika. Kiboko akazama kwenye matope, nyasi za bonde lile zikiwa zile alizozikuta zimeota. Pua nje, masikio nje, macho yamefumbwa. Nyati akakimbia, akavuka mstari, na juu ya jabali Mama Pimbi akaachia: "Uuuu-waaa!" Bonde likamsaidia.

"Wamejaa!" alisema Kiboko, na usingizi ukamchukua.

Mbuni peke yake, kwa urefu wa shingo yake, aliinua macho akatazama juu. Akaona majabali. Akaona pimbi mmoja. Akamtazama Pimbi, Pimbi akamtazama. Mbuni akafikiria kazi yake, akafikiria wanawe, akapuliza filimbi: priii!

Na nyumbani je? Jumapili ya kwanza ilikuwa msiba. Walikaa juu ya mabwe wakatazama uwanja mtupu. Punda Milia alikataa kula. Baadaye watoto wa Ngiri wakachuma papai lao, wakaanza kurushiana. Hawakugongana vichwa, maana Mzee Ngiri alikaa pembeni, na kila mmoja wao alikwisha kumpeleka babu nyumbani. Papai likipasuka, wanalila. Tembo akatazama kidogo. Twiga akasema, "Hawa hawasimami." Kobe akasema, "Wananichosha shingo." Hakuna aliyetangaza lolote. Ilipofika jioni Tembo alikuwa mle uwanjani, anapigiwa kelele kwa kuliangusha.

Mabwe yakabaki. Wana wa Pimbi wakalala bila vumbi.

Ila yeye mama yao alikuwa na kazi. Kila Jumapili, wenzake wakienda kucheza, yeye afunge safari kwenda bonde la pili kushangilia. Asipokwenda, Kiboko atasikia kimya. Akisikia kimya atafungua macho. Akifungua macho atarudi, na akirudi atataka mabwe. Basi alikwenda. Jua likiwaka alikwenda, mvua ikinyesha alikwenda. Alikaa juu ya jabali, shavu mkononi, akipiga miayo. Nyati anakimbia, puu! Priii! "Mchezo huu mnaletewa na Bwana Kiboko!" Mama Pimbi anasema moyoni, "Ole wangu. Nimemhamisha Kiboko nikahamia naye."

Kukaa, kukaa, akaanza kuwajua. Yule ana goti bovu. Huyu anadanganya kuumia. Na yuko yule Nyati mwembamba wa mwisho, asiyewahi kuvuka mstari hata siku moja. Akipewa papai anaangushwa kabla hajajua amepewa.

Jumapili moja joto lilikuwa kali. Mbuni alisinzia, filimbi mdomoni. Kiboko alikoroma. Yangeyange alikoroma. Papai likaruka vibaya, likamwangukia Nyati mwembamba. Akakimbia. Puu! akaangushwa. Filimbi haikulia. Akainuka! Akakimbia. Puu! Akainuka tena, sikio limejaa matope, na mstari ule pale.

Juu ya jabali Mama Pimbi alikwisha kusimama kwa miguu miwili.

"Kimbia, mwanangu!" alipiga kelele. "Kimbia, usitazame nyuma! Kulia! Kulia, we fala, kulia!"

Akavuka.

Uuuu-waaa! Hiyo haikuwa ya kazi. Hiyo ilimtoka yenyewe, na mawe yaliibeba juu mpaka vumbi likadondoka. Nyati mwembamba akatafuta ni nani aliyemwita mwanangu. Kiboko akageuka usingizini. "Leo wamejaa kupita siku zote," alisema, akaendelea kukoroma.

Mama Pimbi akaketi, akajipangusa macho. Akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Alikuwepo. Nyuma ya jiwe alisimama Punda Milia, amefuata kelele toka nyumbani, tita la nyasi kichwani.

"Mama Pimbi," alinong'ona, "kuna nafasi?"

Mama Pimbi akatazama majabali yale matupu. Akasogea kidogo. "Kaa. Ila hizo nyasi kazitupe mbali. Akizinusa tu, ataomba uwanja mpya."

Wakakaa wawili.

"Hadithi imekwisha!"

"Rudisha masikio yetu!"

"Haya hapa, yamechakaa kidogo!"

"Na funzo je?"

Funzo lipo. Watoto, mheshimuni sana mwenye mchezo, maana bila yeye mashabiki wangekuwa wapi? Wangekuwa nyumbani wanacheza. Na mkitaka kujua kama mnapendwa, msiwatazame watu usoni. Fumbeni macho, msikilize kelele.

Ndipo Mzee Shomvi, ambaye kumbe hakuwa amelala, akaniuliza, "Sasa ule mchezo wa Wamarekani unakufa, au haufi?"

Mzee wangu, mimi nilikula soseji.